García: Ubini wa Watu Milioni Wasio Ndugu

Katika vichochoro vya watalii vya Toledo, nchini Uhispania, yapo maduka yanayouza vigae na karatasi nene zilizochorwa ngao za koo mbalimbali. Mgeni hutaja ubini wake, muuzaji hupekua rafu, kisha humkabidhi ngao yenye ndege au mnara, pamoja na aya chache zinazodai kwamba wahenga wake walikuwa mashujaa wa vita vya kale. Ngao za García hazikosekani, kwa kuwa wanunuzi wake ni wengi. Makala haya yanapinga zile aya chache. García ndio ubini unaobebwa na watu wengi kuliko mwingine wowote nchini humo, lakini asili yake haimo katika ngao. Ni jina la mtu mmoja mmoja, jina kama Juma au Ali, ambalo makarani waliligandisha katika madaftari yao likawa la ukoo, na kazi hiyo ilifanyika mara maelfu, katika vijiji ambavyo havikuwa na habari ya kimoja kwa kingine.

Tuanze na hesabu, maana hesabu ndiyo inayowapotosha wengi. Taasisi ya Taifa ya Takwimu ya Uhispania huchapisha idadi ya watu kwa kila ubini, na kwa kuwa kila Mhispania ana majina mawili ya ubini, moja la upande wa baba na jingine la upande wa mama, García huhesabiwa mara mbili. Watu zaidi ya milioni 1.4 wana García kama ubini wa kwanza, na idadi inayokaribiana nayo wana García kama ubini wa pili. Katika nchi yenye watu wapatao milioni 48, hiyo ni sawa na watu watatu katika kila mia kwa ubini wa kwanza peke yake. Nyuma yake wanafuata Rodríguez, González, Fernández na López.

Msomaji makini ataona jambo hapo. Hao wanne wote wanaishia kwa ez, na García peke yake haina mwisho huo. Ez ilikuwa alama ya uzawa, ikifanya kazi ileile ya neno bin katika majina yetu: Fernández ni bin Fernando, Rodríguez ni bin Rodrigo. Wakazi wa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam waliowahi kuishi jirani na Wagoa wenye ubini wa Fernandes au Rodrigues wameshakutana na alama hiyohiyo, ila kwa tahajia ya Kireno. García nayo ina mwana wake wa namna hiyo, naye ni Garcés, lakini wenye ubini wa Garcés ni wachache mno wakilinganishwa na García. Sababu ni kwamba katika Zama za Kati mtu aliyeitwa Juan, mwana wa García, aliweza kuandikwa Juan Garcés au Juan García tu, bila alama yoyote, kama sisi tunavyosema Salum Ali tukiwa na maana ya Salum bin Ali. Njia ya pili ndiyo iliyotia fora.

Namna mtindo huo ulivyofanya kazi inaonekana wazi katika nasaba ya wafalme wa Pamplona, dola ndogo ya milimani ambayo baadaye ilijulikana kama Navarra. Mfalme García Sánchez wa Pili alimzaa Sancho Garcés wa Tatu, ambaye wanahistoria humwita Sancho Mkuu, aliyefariki mwaka 1035. Huyo akamzaa García Sánchez wa Tatu, na huyo naye akamzaa Sancho Garcés wa Nne. Yasomwe kwa sauti majina hayo manne, García Sánchez, Sancho Garcés, García Sánchez, Sancho Garcés, na Mswahili hahitaji kufafanuliwa: ni García bin Sancho, aliyemzaa Sancho bin García, babu na mjukuu wakipokezana jina. Hapa hapana ubini wa ukoo hata kidogo, kwa sababu baba na mwana hawaandikwi sawa. García Sánchez wa Tatu aliuawa mwaka 1054 kwenye mapigano ya Atapuerca dhidi ya jeshi la ndugu yake wa damu, Fernando. Mwanawe, Sancho wa Nne, alisukumwa kutoka kwenye jabali la Peñalén mwaka 1076 katika njama iliyohusisha ndugu zake. Anayetaka kumuuzia García wa leo utukufu wa nasaba hii ya kifalme ampe basi na sehemu hiyo ya habari.

Kuhusu maana ya jina lenyewe, wataalamu wengi wanakubaliana kwamba halikutoka Kilatini wala kwa Wagothi, watu wa asili ya Kijerumani waliowahi kuitawala Uhispania, bali katika lugha ya Kibaski au lugha iliyokuwa jamaa yake, huko kwenye milima ya Pirenei na kingo zake. Zaidi ya hapo wanagawanyika. Wapo wanaoliunganisha na neno hartz, yaani dubu, ambalo likipewa kiambishi cha a mwishoni huwa hartza, dubu yule anayejulikana. Wapo wengine wanaolirudisha kwenye gazte, yaani kijana, ambalo kwa kanuni hiyohiyo huwa gaztea. Hati za kale huliandika Garsea, Garcea au Garsia, na maandishi hayo hayamalizi ubishi: wafuasi wa dubu wanatakiwa waeleze sauti ya g ya mwanzo ilitoka wapi, na wafuasi wa kijana wanatakiwa waeleze r ya katikati. Mimi naegemea upande wa dubu, na sababu yangu ni mazingira ya majina jirani. Lope, mzazi wa López, ni mbwa mwitu wa Kilatini, na Ochoa ni mbwa mwitu wa Kibaski, otsoa. Watu wa milima ile waliwapa watoto wao majina ya wanyama wakali waliowaogopa na kuwastahi, sawasawa na jinsi sisi tulivyo na akina Simba na Chui. Hata hivyo huo ni uelekeo wa ushahidi tu, na yeyote anayeandika kwenye cheti cha kuuza kwamba García maana yake ni dubu, bila kusita, anauza zaidi ya alichonacho.

Jina hilo halikubaki upande wa Wakristo peke yake. Waandishi wa Kiarabu wa Andalusi, yaani Uhispania iliyokuwa chini ya Waislamu, waliliandika Gharsiya, na katika karne ya 11, kwenye mji wa bandari wa Denia, aliishi mwandishi wa Kiislamu aliyeitwa Abu Amir ibn Gharsiya, ambaye nisba yake, al-Bashkunsi, ilimtambulisha kama Mbaski. Alitekwa akiwa mtoto, akalelewa katika Uislamu, akabobea katika Kiarabu hadi akaandika risala mashuhuri iliyojibiwa kwa ukali na wengi, akiwatetea Waislamu wasio Waarabu dhidi ya majivuno ya Waarabu. Ibn Gharsiya maana yake ni bin García, na jina lake linaonyesha kwamba katika karne hiyo neno hili liliweza kuvuka mpaka wa dini na lugha bila kumzuia mtu yeyote, kwa sababu bado lilikuwa jina la mtu.

Kilichobadili mambo ni daftari. Mwaka 1498 Kardinali Cisneros, askofu mkuu wa Toledo, aliagiza katika sinodi ya Talavera kwamba kila parokia iwe na daftari la ubatizo, na Mtaguso wa Trento, uliomalizika mwaka 1563, ukaufanya utaratibu kama huo kuwa wa Kanisa zima. Tangu hapo jina la mtu lilianza kuwa na shahidi wa maandishi aliyeishi miaka mingi kuliko mtu mwenyewe. Padri aliyembatiza mtoto alifungua ukurasa, akaandika jina la baba kama lilivyokuwa siku hiyo, na mtoto huyo alipokua na kumleta wa kwake, ukurasa wa zamani ulikuwepo kumkumbusha karani. Ikiwa siku hiyo ya kwanza baba alikuwa Pedro García kwa sababu tu babu aliitwa García, basi García akabaki hapo hapo. Bin ikafa, na ukoo ukazaliwa bila mtu yeyote kukusudia.

Lakini isidhaniwe kwamba mambo yaliganda kwa siku moja. Yule mwandishi aliyezaliwa Cuzco, katika Peru ya leo, mwaka 1539, mwana wa kapteni wa Kihispania na binti wa ukoo wa kifalme wa Wainka, alibatizwa kwa jina la Gómez Suárez de Figueroa, ambalo lilitoka kwa jamaa wa upande wa baba. Alipofika Uhispania akiwa kijana aliliacha, akachukua jina la baba yake, na ulimwengu ukamjua kama Inka Garcilaso de la Vega. Garcilaso yenyewe ni García na Laso yaliyoshikamana. Ndugu wa tumbo moja katika karne hiyo waliweza kubeba majina tofauti, mmoja la babu tajiri na mwingine la shangazi aliyeahidi urithi. Utaratibu wa kudumu wa ubini mmoja wa baba na mmoja wa mama kwa kila raia uliimarishwa na sheria tu baada ya serikali kuanzisha usajili wa raia kwa sheria ya mwaka 1870.

Hapo ndipo penye jibu kwa wanaodhani wingi wa García ni ushahidi wa undugu. Jina la García lilipendwa sana katika karne za 10 hadi 13, kwa hiyo wanaume wengi waliitwa hivyo, na kila mmoja aliyekuwa na mwana wakati makarani wanaanza kazi alikuwa chanzo kipya cha ukoo. Kisha ikaja hesabu ya kufa na kubaki. Mwaka 1874 mwanasayansi Mwingereza Francis Galton na mchungaji Henry Watson walionyesha kwa hisabati kwamba ubini unaopitia wanaume peke yao huelekea kutoweka kadiri vizazi vinavyopita, kwa kuwa daima wapo wanaume wasioacha mwana wa kiume. Ubini adimu hufutika, na ule ulioanza na mashina mengi hubaki ukizidi kuonekana mkubwa. Elimu ya vinasaba imeongeza ushahidi wake, kwa vile kromosomu Y hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana kwa njia ileile ya ubini: wanaume wenye ubini adimu mara nyingi hufanana katika kromosomu hiyo, ilhali wenye ubini wa kawaida kama huu hutofautiana karibu kama watu wengine wowote waliokutana njiani.

Kuna hesabu moja ndogo ambayo naipenda zaidi. Kama watu wangeoana nchini Uhispania bila kujali asili wala mahali, na García ni watatu katika kila mia, basi wenye García mbili, yaani García García, wangekuwa wapatao 43,000. Ukweli ni kwamba wanazidi 70,000. Ziada hiyo haitokani na mapenzi ya watu kwa ubini wao. Inatokana na msongamano: García hawakutawanyika sawasawa, na watu kwa karne nyingi wamekuwa wakioa na kuolewa karibu na nyumbani. Huko Ourense, katika jimbo la Galicia, anayeongoza ni Rodríguez, na maeneo mengine yana mabingwa wake.

Ng'ambo ya bahari, madaftari yaliendelea na kazi ileile chini ya amri kali zaidi. Nchini Mexico García anashika nafasi ya pili nyuma ya Hernández. Nchini Ufilipino, Gavana Narciso Clavería alitoa agizo tarehe 21 Novemba 1849 kwamba kila familia iwe na ubini wa kudumu, akisambaza orodha ndefu ya majina kwa wakuu wa mikoa ili wayagawe, kwa kuwa maofisa wa kodi walikuwa wakichanganyikiwa na ndugu wasioshiriki jina. Familia zilizoweza kuonyesha kwamba jina lao limedumu vizazi vinne ziliruhusiwa kulibakiza. Leo Garcia ni miongoni mwa majina ya ubini yaliyo mengi zaidi nchini humo, na wengi wa wanaolibeba hawana babu hata mmoja wa Kihispania. Rais wao wa miaka ya 1957 hadi 1961 aliitwa Carlos P. Garcia, na ile herufi P ya katikati ni Polistico, ubini wa mama yake.

Afrika pia ilikuwa na García wake, na kwa namna yake wa Afrika alikuwa mwaminifu zaidi kwa asili ya jina kuliko García wa Madrid. Wafalme wa Kongo waliokuwa na makao Mbanza Kongo, mji ulio Angola ya leo, walichukua majina ya ubatizo kwa tahajia ya Kireno, na wawili kati yao walikuwa Garcia. Wa pili, aliyetawala kuanzia mwaka 1641 na kushirikiana na Waholanzi dhidi ya Wareno wa Luanda, jina lake la kwao lilikuwa Nkanga a Lukeni. Hiyo a ya katikati ni wa yetu: Nkanga wa Lukeni. Mwanawe aliyerithi kiti, Antonio, hakuitwa Garcia hata kidogo, na ndiye aliyeuawa kwenye vita vya Mbwila mwaka 1665. Wakati Uhispania tayari ilikuwa ikiligeuza García kuwa muhuri wa ukoo, katika kasri la mfalme wa Kibantu neno hilo lilibaki kama lilivyokuwa Pamplona miaka 600 nyuma, jina la mtu mmoja linalokwenda naye kaburini.

Nchini Marekani jina hilo limepanda ngazi kwa kasi. Katika hesabu ya majina iliyotokana na sensa ya mwaka 1990 lilikuwa la 18, mwaka 2000 likawa la 8 likiwa na watu 858,289, na mwaka 2010 likawa la 6 likiwa na watu 1,166,120, nyuma ya Smith, Johnson, Williams, Brown na Jones tu. Takriban 92 katika kila mia ya hao walijitambulisha kuwa wenye asili ya Amerika ya Kihispania. Kinachonisikitisha katika safari hiyo ni fomu. Fomu za huko zina nafasi ya ubini mmoja, kwa hiyo mhamiaji mwenye majina mawili hulazimika kumwacha mmoja wa wazazi mlangoni. Wengi humwacha mama, na hapo ndipo wanapopoteza kile hasa kilichowatofautisha na García wengine milioni moja.

Maana huko Uhispania ni jina la mama linalobeba mzigo wa utambulisho pale la baba linapokuwa la kila mtu. Federico García Lorca, mshairi aliyeuawa mwaka 1936, anajulikana kama Lorca, ubini wa mama yake Vicenta Lorca. José Luis Rodríguez Zapatero, waziri mkuu wa zamani, ni Zapatero kwa wafuasi na wapinzani sawia. Mazoea hayo hayako katika sheria yoyote, ila ni busara ya wenye lugha: Lorca mmoja anatosha kumtaja mtu, García mmoja hatoshi.

Mfano unaoniingia zaidi ni wa Gabriel García Márquez wa Kolombia, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 1982. Wasomaji wengi wa nje humwita Márquez tu, na maktaba za wenye Kihispania humpanga chini ya herufi G. Lakini huyo García anayedhaniwa kuwa wa upande wa baba alitoka kwa mwanamke. Baba yake, Gabriel Eligio, alizaliwa nje ya ndoa na akapewa ubini wa mama yake, Argemira García. Kama utaratibu ungefuata damu ya baba, mwandishi huyo angeitwa Martínez. Hebu achukue mtu ile ngao ya duka la Toledo, yenye mashujaa wake wote wa kiume, aiweke mbele ya bibi Argemira na amweleze García ni ya nani.

Sheria ya Uhispania imeanza kuikubali hali hiyo. Mwaka 1999 wazazi waliruhusiwa kukubaliana kwamba ubini wa mama utangulie. Sheria ya usajili ya mwaka 2011, ambayo kifungu chake kuhusu jambo hili kilianza kutumika mwezi Juni 2017, ikaondoa kabisa upendeleo kwa baba: wazazi sasa ni lazima waseme wenyewe mpangilio wanaoutaka, na wasipokubaliana, msajili huamua kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Katika rasimu ya mwaka 2010 lilikuwamo pendekezo kwamba penye ubishi ifuatwe alfabeti, likapingwa hadi likaondolewa, na nadhani lilistahili kuondolewa. Alfabeti ingempa García ushindi dhidi ya López na Rodríguez kwa vizazi vyote vijavyo, na kumpa Álvarez ushindi dhidi ya García, bila kumwuliza mtu yeyote.

Wazazi wanaotumia uhuru huo mpya wana la kuchagua ikiwa mmoja wao ana ubini adimu unaokaribia kufutika, na kwa maoni yangu wangefanya vyema kuutanguliza na kumwacha García asubiri nafasi ya pili, kwa kuwa García hana hatari ya kupotea. Wapo ambao fomu hiyo haiwapi chochote cha kuamua. Mwanamume García López na mwanamke García Ruiz, kila mmoja akimpa mtoto ubini wake wa kwanza, watajaza nafasi zote mbili kwa neno moja, waanze na wa baba au na wa mama, na kinachobaki mikononi mwao mbele ya msajili ni jina la kwanza tu, lile la mtu mwenyewe.